Usiku wa kuamkia lini?

Mdogo wangu alinipigia saa saba na nusu mchana, niko kazini, mkate uko mkononi. Kwake Dar es Salaam ilikuwa saa tatu na nusu usiku. Nyuma ya sauti yake nilisikia magurudumu ya mabegi yakiburutwa sakafuni, na mama akimuuliza mtu choo kiko upande gani.

"Dada, wanasema ndege ya mama imeshaondoka."

"Imeondokaje? Si saa sita na dakika ishirini na tano? Bado karibu masaa matatu."

"Imeondoka jana."

Jana.

Nikafungua tiketi kwenye simu. Tiketi hiyo niliilipia mimi, nikaituma kwenye kundi la familia mimi, nikamtaka mdogo wangu aichapishe nakala mbili. Jumatano, 00:25. Leo Jumatano, usiku ndio huu unaingia. Ilinichukua muda kuelewa, na ulikuwa muda wa aibu, kwamba hiyo 00:25 ilikuwa imepita mama akiwa amelala Mbagala kwa mdogo wangu, begi limefungwa kamba na kuegeshwa mlangoni.

Mama akaomba simu. Nikamwamkia kwa sauti ya mtu aliyevunja chombo cha watu.

"Marahaba mwanangu," akasema. "Basi si riziki ya leo. Umeshakula?"

Wiki sita zimepita tangu siku hiyo. Mama alishafika, yuko chumba cha pili hapa Minneapolis, namsikia akikohoa. Hajanilaumu hata kwa jicho.

Hilo ndilo linaloniwasha.

## Kilomita 13,790

Mwezi mmoja kabla ya safari alikuwa ameniuliza, "Huko kwako hasa ni mbali kiasi gani?" Nimekaa huku miaka 11 na swali hilo sijawahi kulijibu kwa namba. Nikaingia kwenye mojawapo ya zile tovuti zenye kikokotoo (si kile cha mafao ya wastaafu, msishtuke), nikaandika uwanja wa Julius Nyerere upande huu na uwanja wa Minneapolis–St. Paul upande ule. Jibu likaja hata kidole sijakiondoa: kilomita 13,790, muda angani masaa 17 na dakika 38.

Walimu wangu wa Kiswahili watanisamehe hayo "masaa". Wao wanataka saa 17. Lakini mtu wa Tanga ukimwambia "saa 17" atakutazama tu, maana saa zetu zinaishia kumi na mbili. "Masaa" yananisaidia kutenganisha muda wa kukaa kitini na saa ya ukutani, na habari yangu yote ni ya mtu aliyeshindwa kutenganisha.

Nikamsomea mama. Akafikiri kidogo. "Kumbe kama Dar na Mwanza kwa basi."

Kwa masaa, ndiyo. Akafurahi, nikafurahi, tukaagana.

Baada ya lile tukio la uwanjani nilirudi kwenye tovuti ile kama mtu anayerudi kumkagua aliyemuuzia kitu kibovu. Ile namba imetoka wapi? Hesabu yake ni nyepesi kuliko nilivyodhani. Kikokotoo kinachukua latitudo na longitudo za viwanja viwili, kinatafuta njia fupi kuliko zote juu ya mgongo wa dunia, kinagawa umbali huo kwa mwendo wa kilomita mia nane na kitu kwa saa, kisha kinatupia nusu saa ya kupaa na kutua. Basi. Hakijui upepo. Hakijui vita. Hakijui hata kama kuna ndege inayopita njia hiyo.

Na haipo.

## Njia isiyo na msafiri

Niliuchora ule mstari kwenye ramani usiku mmoja usingizi ulipogoma. Unatoka Dar es Salaam kuelekea kaskazini-magharibi, unapita pande za Musoma, unavuka Ziwa Victoria, Uganda, Sudan Kusini, magharibi mwa Sudan, kaskazini mwa Chad, pembe ya Libya, jangwa la Algeria. Ukifika nusu ya safari uko juu ya kusini-magharibi mwa Hispania, karibu na mpaka wa Ureno. Halafu Atlantiki, halafu Quebec, halafu unashukia Minnesota kwa kupitia Ziwa Superior. Maziwa mawili makubwa, moja mwanzo na moja mwisho, na katikati jangwa na bahari.

Ndege ya kuruka umbali huo bila kutua ipo. Kutoka Singapore hadi New York ni kilomita 15,349, na Singapore Airlines inazimaliza kwa mruko mmoja wa masaa 18 na ushei. Kwetu huku, Kenya Airways ilianza Nairobi–New York moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018, kilomita 11,800 hivi, tena kutoka uwanja ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa nyepesi inaipa shida ndege iliyojaa mafuta. Dar iko pwani, haina shida hiyo. Kwa upande wa chuma, Dar–Minneapolis inawezekana kabisa. Kinachokosekana ni abiria mia mbili na kitu, kila siku, wenye nauli mkononi, wanaotaka kutoka Kipawa kwenda Minnesota.

Mama yangu ni mmoja. Wamebaki mia mbili.

Na hata ingekuwepo isingefuata ule mstari kama ulivyo. Vita vilipolipuka Sudan Aprili 2023, anga ya nchi ile ilifungwa kwa ndege za abiria, na ndege za Ulaya zinazokuja kwetu zikaanza kuzunguka. Libya nayo wengi wanaikwepa. Umbali unaopimwa kwa hesabu ya duara haujui kwamba watu wanapigana chini yake.

Kilichonishangaza ni Amsterdam. Miaka yote nimeamini kwamba kupitia Ulaya ni kuzungushwa: unapelekwa juu, halafu kushoto, kama daladala inayotafuta abiria vichochoroni. Nikapiga hesabu. Dar–Amsterdam ni kilomita 7,345. Amsterdam–Minneapolis ni 6,685. Jumla 14,030, yaani umezidisha kilomita 240 tu juu ya njia fupi kuliko zote. Hata Dar na Tanga kwa barabara haifiki. Kumbe Amsterdam iko njiani. (Kupitia Doha na Chicago, ambako tulikufikiria kwa sababu ya nauli, ingekuwa karibu 15,800.)

Kwa hiyo tiketi niliyokata ilikuwa nzuri. Najua mnaniona ninavyojitetea.

## Saa ya ukutani

Sebuleni kwetu Ngamiani, Tanga, kuna saa ya ukutani ambayo baba aliinunua kabla sijazaliwa. Mshale mfupi ukiwa kwenye tisa, unasoma tatu. Ukiwa kwenye moja, unasoma saba. Watoto wa kwetu tunajifunza kusoma namba ya upande wa pili kabla ya kujua kwa nini, na hatuoni ajabu yoyote mpaka siku tunapokutana na mtu aliyejifunza kusoma namba anayoelekezewa.

Lakini saa ndiyo sehemu rahisi. Mtu anaongeza sita au anapunguza sita, maisha yanaendelea. Kazi iko kwenye siku. Kwa mama siku haianzi usiku wa manane, wakati hakuna kinachoanza. Siku inaanza jua likizama. Magharibi ikishaadhiniwa, siku ile imekwisha, na usiku unaoingia ni wa siku inayokuja. Ndiyo maana usiku wa Ijumaa, ule wa kusoma Yasini, ni Alhamisi baada ya magharibi, na hakuna mtoto wa chuoni anayelikosea hilo. Ndiyo maana pia tuna lile neno zuri, "kuamkia".

Siku kumi kabla ya safari nilimpigia mama kumpa tarehe. Nilikuwa naendesha gari, nimechelewa kumchukua mtoto shule.

"Jumatano usiku, mama. Saa sita na dakika ishirini na tano."

Akauliza, "Usiku wa kuamkia Jumatano, au wa kuamkia Alhamisi?"

Nilimjibu hivi, na maneno haya nayakumbuka vizuri kuliko ninavyotaka: "Mama, hayo ya kuamkia tuyaache. Hii ni tiketi. Imeandikwa Jumatano."

Kimya kidogo. Kisha: "Haya mwanangu. Wewe ndiye unayejua."

Rasimu ya kwanza ya makala hii ilikuwa na maelezo marefu, ya kupendeza, kuhusu saa ya Kiswahili na saa ya kizungu zilivyogongana na kumwangusha mama yangu katikati. Niliiandika kwa raha nyingi. Nikaisoma kesho yake, nikaifuta, kwa sababu ilikuwa uongo. Hakuna kilichogongana. Saa ya Kiswahili ilinyoosha mkono kuniokoa, kwa swali moja la maneno machache ambalo jibu lake lingemaliza kila kitu, nami nikalikatiza kwa sababu nina miaka 11 Marekani na nilikuwa na haraka.

Fikiria ile dakika ndege ilipopaa. Marubani duniani kote wanatumia saa ya pamoja, UTC, ili wasichanganyane. Kwao ndege ile iliondoka Jumanne, 21:25. Kwangu Minneapolis ilikuwa Jumanne pia, saa kumi na dakika ishirini na tano alasiri, natafuta funguo za gari. Kwenye tiketi ilikuwa Jumatano. Na kwa mama, kama angejibiwa, ulikuwa usiku wa kuamkia Jumatano, na Jumatano yenyewe imeshaingia tangu magharibi. Yeye na tiketi walikuwa wanasema kitu kimoja.

"Jumatano usiku" yangu peke yake ndiyo haikuwa kwenye kalenda ya mtu yeyote.

Mdogo wangu naye? Aliniamini mimi. Watu wa nyumbani wakiwa na ndugu ng'ambo huwa wanamwamini kwa mambo ya ndege, kama vile ndege tunazifuga huku.

## Babu na pepo

Baba yake mama alikuwa baharia wa majahazi: Tanga, Pemba, Mombasa, mpaka Lamu. Mama anasema hakuwahi kumsikia akitaja maili. Ukimuuliza Lamu ni mbali kiasi gani, naye anakuuliza, msimu gani? Kaskazi ikivuma, Desemba mpaka Machi, kupanda Lamu ni taabu na kushuka ni raha. Kusi ikiingia, mambo yanageuka. Umbali wake haukuwa namba moja. Ulikuwa na kwenda kwake na kurudi kwake.

Hadithi hii nimeisikia tangu utotoni, na nikaiweka kule tunakoweka mambo ya wazee, penye heshima na vumbi. Mpaka nilipoweka tiketi ya mama ya kuja na ile ya kurudi mezani, moja kando ya nyingine.

Amsterdam–Minneapolis, masaa 8 na dakika 50. Minneapolis–Amsterdam, masaa 7 na dakika 55.

Bahari ile ile. Kilomita zile zile 6,685. Karibu saa nzima imeyeyuka.

Kule juu zinakopita ndege, kilomita kumi hivi kutoka ardhini, kuna mkondo wa upepo unaokwenda kasi kutoka magharibi kuelekea mashariki, na majira ya baridi unaweza kuvuka kilomita 200 kwa saa. Anayekwenda mashariki anabebwa. Anayekwenda magharibi anapambana nao au anautafutia upenyo. Na kwa kuwa upepo haukai mahali pamoja, njia za ndege juu ya Atlantiki ya kaskazini zinapangwa upya kila siku kuufuata. Leo wanapita karibu na Greenland, kesho wanashuka kusini. Yaani kuna watu wenye shahada, wamekaa mbele ya kompyuta, wanaulizana asubuhi upepo wa leo ukoje ndipo waseme safari ni ndefu kiasi gani.

Babu angekaa nao kitako, wakanywa kahawa, wakaelewana.

Kikokotoo hakijui haya. Ukikiuliza Dar–Minneapolis au Minneapolis–Dar, kinakupa masaa 17 na dakika 38 kote kuwili, kama vile kwenda na kurudi ni kitu kimoja. Mtu yeyote aliyewahi kumsindikiza mzazi anajua si kitu kimoja.

## Adhuhuri ya masaa manane

Mama alisafiri hatimaye usiku wa kuamkia Jumamosi. Nililipa tofauti ya nauli ambayo sitaitaja, kwa sababu mume wangu husoma hapa. Wale wa dawatini, haki yao, walikuwa wapole. Kosa halikuwa lao.

Masaa 10 na dakika 10 hadi Amsterdam. Akalala, akaamka, akasali alfajiri kitini. Amsterdam akasukumwa kwenye kiti cha magurudumu na kijana ambaye hawakuelewana hata neno moja. Mama alimpa kashata mbili, kijana akala moja papo hapo na nyingine akaitia mfukoni. Hilo ndilo jambo la kwanza alilonisimulia, na amelirudia kwa kila mgeni aliyekuja kumwona.

Ndege ya pili iliondoka Amsterdam saa saba mchana na kutua Minneapolis saa tisa kasoro dakika kumi, mchana uo huo. Kwa saa za viwanja viwili, Atlantiki nzima imevukwa kwa saa moja na dakika 50. Lakini mama hakuwa anatazama saa. Alikuwa anatazama jua.

Alipotoka pale mlango wa wanaowasili, na baada ya kukumbatiana na kulia kama inavyotakiwa, neno lake la kwanza lilikuwa hili:

"Adhuhuri ya leo ina masaa mangapi?"

Alikuwa amekaa dirishani akingoja alasiri iingie ajue moja, na haikuingia. Jua limesimama pale pale. Wametulisha, jua pale pale. Wametulisha tena, jua pale pale. "Nikasema labda huku alasiri haipo."

Nilikuja kupiga hesabu baadaye. Dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa. Ndege ile, katika latitudo zile za juu, ilikuwa inakwenda magharibi kwa zaidi ya nyuzi 11 kwa saa. Jua lilikuwa linamwacha mama kwa robo tu ya mwendo wake wa kawaida. Adhuhuri ilimwingilia masaa mawili na kitu baada ya kupaa, na alipofika nyumbani kwangu, amevua viatu, ameoga, ametawadha, ilikuwa bado haijatoka. Kama masaa manane ya adhuhuri. Akaisali sebuleni kwangu kwa wakati wake.

"Safari ni ndefu, mama?"

"Wametulisha mara tano."

Kutoka kupaa Dar hadi kutua Minneapolis ni masaa 22 na dakika 25, na kati ya hayo, 19 yalikuwa angani. Lakini mama hakutoka Dar. Alifunga mlango wa Ngamiani Jumatatu asubuhi akapanda basi, na mlango wangu aliufungua Jumamosi mchana, alasiri ikiwa bado haijaingia.

Masaa 17 na dakika 38.

## Chungwa

Siku ya tatu tuligombana kuhusu kibla. Kugombana ni neno kubwa. Tuseme alinitazama kwa muda mrefu.

Tanga mtu anasali akielekea kaskazini. Makka iko karibu juu ya longitudo moja na sisi, mstari unapanda moja kwa moja, hata mabaharia wa zamani kaskazini waliita kibla, kama kusini walivyoita suheli. Mama ameishi miaka 69 na kibla kikiwa mahali pamoja, upande wa mwembe wa jirani. Sasa kwangu nimemtandikia mswala kuelekea kaskazini-mashariki, kona ile yenye friji.

Akaenda chumbani kwa mtoto, kuna ramani ya dunia ukutani. Akaweka kidole Minneapolis, kingine Makka. Akarudi. "Makka si iko huku?" Akaonyesha mashariki, tena kwa kushuka kusini.

Na kwa ramani ile alikuwa sahihi. Nilichoona aibu ni kwamba kwa miaka 11 nimesali nikielekea friji kwa sababu simu iliniambia, wala sikuwahi kujiuliza.

Nikachukua chungwa. Nikachomeka karafuu moja mahali pa Makka na nyingine mahali pa Minneapolis, nikavuta uzi wa kushonea kati yao na kuukaza. Mkiwa na chungwa nyumbani jaribuni. Uzi ukiulegeza unaweza kuupitisha popote, lakini ukiukaza unakimbilia juu wenyewe, kaskazini, kwa sababu huko ndiko kufupi. Kutoka Minneapolis ulianza kuelekea kaskazini-mashariki kabisa, upande wa friji.

Mama akalishika chungwa. Akaligeuza. "Weka na kwetu."

Nikaweka karafuu ya tatu, Dar, chini kidogo ya Makka. Nikavuta uzi hadi Minneapolis. Nikamwonyesha: hapa Musoma, hapa jangwa, hapa Hispania, na Amsterdam ni hii hapa pembeni kidogo, uliposhukia. Hesabu inayompa muumini kibla na hesabu inayokupa umbali wa ndege ni hiyo hiyo moja, duara kubwa linalopita juu ya mgongo wa dunia, na mimi niliijua kwa kuisoma kwenye kioo cha simu mara mbili, bila kuunganisha.

"Ungenipa chungwa siku ile," akasema, "badala ya zile kilomita."

Akachomoa karafuu, akazirudisha kwenye kopo lake, akalimenya chungwa.

Ijumaa iliyofuata nilimpeleka Cedar-Riverside kwa Wasomali. Aprili 2023 baraza la jiji liliruhusu adhana kusikika nje kwa sala zote tano, na sisi tulifika wakati inaanza. Mama akasimama kando ya njia na koti langu lililomzidi mikono, akasikiliza mpaka mwisho. Hakusema kitu. Nami safari hii sikumkatiza.

## Tiketi ya kurudi

Anarudi Desemba, kabla baridi haijawa baridi yenyewe; hii ya sasa nimemwambia ni utangulizi na haniamini. Jana jioni tulikaa na tiketi. Anaondoka Minneapolis Alhamisi alasiri, anaamkia Amsterdam Ijumaa, anapitia Kilimanjaro, anafika Dar Ijumaa, 22:45.

Akavaa miwani, ingawa hasomi Kiingereza. Akaweka kidole juu ya namba.

"Ijumaa usiku."

"Ndiyo, mama. Saa tano kasorobo."

"Usiku wa kuamkia lini?"

"Wa kuamkia Jumamosi."

"Basi mwandikie mdogo wako hivyo hivyo. Kwa maneno."

Nikaandika, yeye akiwa begani kwangu anaangalia: mama anafika Ijumaa saa tano kasorobo usiku, usiku wa kuamkia Jumamosi. Nikatuma. Jibu likaja kwa sauti, sekunde nne tu, na mama akataka asikilize mara mbili.

"Dada, mimi nitakuwa pale tangu Alhamisi."